Upande wa Mnyororo

Shangazi alipofika kwenye kambi ya waendesha baiskeli, Mzee Seng'enge alikuwa ameshavunjwa taya, na bado walikuwa wanampiga.

Walikuwa kumi na mmoja, wanaume kwa wanawake, wote na zile kaptura za kubana na fulana za rangi za kuumiza macho. Baiskeli zao walizitupa ovyo nyasini, hii juu ya ile, ili mikono ibaki huru. Mzee alijikunja chini karibu na bomba la kuoshea matope, na kijana mmoja mrefu alikuwa anamshindilia mbavuni kwa pampu ya chuma. Kila pigo lilikuwa na neno lake.

"Kaka! Yangu! Kaka! Yangu!"

Huyu Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale. Alikuwa inspekta wa upelelezi, mwaka wa ishirini na mbili kazini, na jina hilo alipewa na makurutu kwa sababu alikuwa na tabia ya kukuuliza kama umekula kabla hajakuuliza umemuua nani. Safari hii hakuuliza mtu chakula. Alichomoa bastola akafyatua moja hewani.

Kumi waliruka nyuma. Yule wa pampu hakusikia, au alisikia akapuuza, akainua mkono tena. Koplo aliyekuja naye, mzito wa kutembea lakini si mzito wa kugonga, alimvamia begani, wote wawili wakaenda chini matopeni puu.

"Niacheni nimmalize!" kijana alipiga kelele. "Amemuua kaka yangu! Ametega waya njiani!"

"Nani amemwona akitega?"

"Amekuja mwenyewe! Ameingia na plaizi mkononi anasema 'waya wangu, waya wangu'! Mnataka akiri vipi, aimbe?"

Shangazi alipiga goti kando ya mzee. Jicho moja lilikuwa limefungwa kwa uvimbe, mdomo umekaa upande, na damu ilikuwa inatoka sikioni, jambo ambalo halikumpendeza hata kidogo. Plaizi kweli zilikuwa mkononi, kuukuu, zimeliwa na kutu.

"Wa... wangu," mzee alisema kwa povu jekundu.

"Mmesikia?" akafoka mwanamke mmoja. "Mmesikia wenyewe?"

"Nimesikia. Rudi nyuma kabla sijakurudisha mimi."

Alikuwa na pingu jozi mbili, risasi chache na Koplo mmoja anayehema. Watu kumi na mmoja asingeweza kuwakamata kwa mpigo. Akafanya lililowezekana: mzee akalazwa kwenye gari la polisi, dereva akaambiwa asikanyage breki mpaka hospitali, na wote kumi na mmoja wakanyang'anywa vitambulisho, vikaingia mkobani.

"Hapa hatoki mtu," alisema. "Hata wa kwenda kununua vocha."

*

Marehemu walimwita Ramani. Kwa miaka tisa alichimba njia ile ya baiskeli kwa jembe na sururu, na watu walitoka mbali kuja kuiendesha. Inaanzia juu kilimani, inateremka msitu wa misonobari kwa kona za kukata pumzi, inazama bondeni kwenye kijito chenye daraja la magogo mawili, halafu inatokeza kwenye vilima vya nyasi, kimoja baada ya kingine, hadi kwenye shamba la maharage la Mzee Seng'enge. Kila Jumamosi alfajiri, kabla ya wageni, Ramani alipita peke yake kuondoa matawi na mawe. Wenyewe walisema anafagia njia.

Leo alifagia hadi pale msitu unapoishia, akaishia hapo hapo.

Alilala chali, kofia ngumu ingali kichwani, koo limefunguka kiasi cha kuingia kidole. Juu yake, kati ya misonobari miwili, seng'enge ilikuwa imekazwa usawa wa shingo ya mtu aliye juu ya baiskeli. Nzi walishafika. Daktari wa polisi, mzee mwenye mabega ya kuinama, alikuwa amechuchumaa na glovu zake.

"Umekula, Shangazi?" aliuliza bila kuinua uso.

"Chai tu."

"Vizuri. Basi sogea uone maajabu." Akakiinua kichwa cha marehemu kwa mikono miwili, taratibu, kama anayeinua mtoto aliyelala. "Angalia kisogoni."

Mstari mwekundu haukuishia masikioni. Ulizunguka shingo nzima, ukakutana nyuma na kupishana.

"Mtu akiteremka kwa kasi akakutana na waya," daktari alisema, "waya unamkata mbele. Haumfuati kisogoni. Pili, hiyo iliyofungwa hapo juu ina miba. Nionyeshe tundu moja la mwiba kwenye ngozi hii."

Shangazi aliinama mpaka pua ikakaribia. Hapakuwa na tundu. Palikuwa na alama nyembamba, yenye vimistari vya mshazari, vya waya uliosokotwa.

"Amenyongwa."

"Kutoka nyuma, na mtu mwenye vidole vya chuma. Kucha zake mwenyewe zimevunjika, alikuwa anajaribu kuingiza vidole chini ya waya. Kavuta mpaka nyama ikakatika, na bado akaendelea kuvuta. Ni kati ya saa kumi na mbili kasorobo na kumi na mbili na nusu asubuhi."

Shangazi akaitazama seng'enge. Damu ilikuwepo, sehemu moja tu, katikati, nayo imepakwa kama siagi kwenye mkate. Mtu aliyekatwa shingo kwa mwendo wa baiskeli angerusha damu hadi kwenye majani.

Koplo alirudi kutoka shambani, jasho linamtiririka, uso umejaa ushindi. "Shangazi, seng'enge ni ya mzee. Ua wake una pengo la hatua tatu, upande wa huku. Kesi imekwisha, twende tukale."

"Baiskeli ya marehemu iko wapi?"

Koplo akajikuna. "Fundi wa kambi alikuja akaichukua. Alisema anairudisha karakana isiibiwe."

"Nani alimruhusu?"

"Hapakuwa na mtu wa kumkataza. Wote walikuwa wameenda kumpiga mzee."

Shangazi akasonya msonyo mrefu mpaka daktari akacheka.

*

Mke wa Mzee Seng'enge alikuwa anapembua maharage kwenye ungo. Alipoona sare, ungo ukamtoka mikononi.

"Yuko wapi mzee wangu?"

Wapo askari wanaozungusha maneno. Shangazi alimwambia moja kwa moja: amepigwa, amevunjwa taya, ameumia kichwani, yuko hospitali na wanampasua sasa hivi. Mama akakaa chini kwenye vumbi. Hakupiga ukunga. Alianza kuokota maharage, moja moja. Shangazi alichuchumaa akaokota naye.

"Mama, wanasema aliapa kutega waya."

"Aliapa, mwanangu. Mwaka jana, mjukuu wetu alipogongwa akavunjika mguu. Aliapa mbele ya watu wote, ana domo yule. Lakini Ramani alikuja hapa mwenyewe akaomba radhi, akaihamisha njia ipite nje ya uwanja wetu. Tangu siku hiyo ni mtu na rafiki yake. Jumamosi akimaliza kufagia hupita hapa kunywa uji."

"Na leo?"

"Leo mzee kaamka, kakuta ua umekatwa na waya umekwenda. Mbuzi wa jirani wameshaingia kwenye maharage. Akachukua plaizi zake. Nikamwambia, acha, utaenda baadaye. Akasema, 'Naenda kumuuliza Ramani kama amewaona walioniibia waya wangu.'"

Basi ndiyo maana ya yale maneno. Mtu kaenda kuripoti wizi, wakasikia ungamo.

"Plaizi zake zinakata?" Shangazi aliuliza.

"Zile? Hazikati hata tambi. Waya yeye huukunja huku na huku mpaka uchoke ukatike wenyewe."

Wakaenda kwenye pengo. Ncha za seng'enge zilizobaki kwenye nguzo hazikuwa zimekunjwa wala kutafunwa. Zilikatwa mkato mmoja, safi, mviringo, na chombo chenye makali mazuri. Shangazi akazikata kipande kimoja kila upande kwa msumeno mdogo wa Koplo, akatia bahashani, akaandika saa.

"Mwanangu," mama alisema nyuma yake, "ataishi?"

"Sijui, mama."

"Akiishi mtamfunga?"

"Hilo ninalijua. Hafungwi."

*

Wa kwanza kuiona maiti alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba aliyejifunga taulo mabegani. Yeye hakuwa amempiga mzee, alisema, na alisema mara tatu. Shangazi alitazama vidole vyake vilivyochubuka, akaendelea.

"Ulipofika uligusa nini?"

"Sikugusa kitu. Nilitapika tu. Halafu nilipiga picha, nikazituma kambini, sikuweza kuongea."

"Nionyeshe."

Saa moja na dakika nne. Maiti, waya, miti. Na baiskeli. Shangazi aliikuza picha kwa vidole viwili. Baiskeli ililala pembeni ya njia, hatua tatu kutoka kwa mwenyewe, kwenye nyasi laini. Haikuwa imejipinda wala kujikunja. Usukani umenyooka. Mnyororo na yale magurudumu ya meno yalikuwa upande wa juu, hayajagusa hata jani.

"Hii haikuanguka," alinong'ona. "Imelazwa."

Mdogo wake Ramani, yule wa pampu, alikuwa ameketi kwenye ngazi za bweni, kitambaa kimefungwa kwenye vifundo vya mkono. Hasira ilishamtoka, kilichobaki kilikuwa kilio. Shangazi alikaa ngazi ya chini yake.

"Umekula?"

Kijana akatikisa kichwa.

"Kaka yako alikuwa na ugomvi na nani?"

"Si nimeshawaambia..."

"Mwingine, ukimwacha mzee."

Kijana akafikiri. "Ugomvi hapana. Ila alikuwa halali. Tangu yule dada mkutubi alipoanguka mwezi uliopita. Alikodi baiskeli yetu, breki zikakatika kwenye ule mteremko wa kijitoni, akatumbukia korongoni. Uti wa mgongo umevunjika. Polisi waliandika kwamba aliendesha vibaya. Kaka alikubali wakati ule. Juzi akaniambia, 'Jumatatu naenda kituoni kuandikisha maelezo mapya.'"

"Maelezo gani?"

"Hakusema. Alisema tu kwamba amenyamaza vya kutosha."

"Breki za baiskeli za kukodisha anashughulikia nani?"

"Fundi. Nani mwingine?" Kijana alimtazama kama anayeulizwa jua linatoka wapi.

Shangazi akasimama, akajipangusa sketi ya sare. Pale nyasini zile baiskeli kumi na moja zilikuwa bado zimelala zilivyotupwa. Akazihesabu kwa kidole. Tano mnyororo juu. Sita mnyororo chini, kwenye matope, na wenyewe wala hawajali.

"Koplo," alisema, "chukua moja. Yoyote. Ingia nayo karakana nyuma yangu, uitupe sakafuni. Mnyororo uwe chini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekutuma."

*

Karakana ilinuka grisi na mpira. Huko nje palikuwa shaghalabaghala, humu ndani kila spana ilikuwa na msumari wake ukutani na kila msumari ulikuwa na kivuli cha spana yake kilichochorwa kwa rangi nyeupe. Baiskeli zilizongoja zamu zililala sakafuni mstari mmoja, sita, zote zimeelekea upande mmoja. Ya Ramani ilikuwa juu ya stendi, na Fundi alikuwa anaifuta. Mtu wa makamo, mfupi, mikono mipana yenye mafuta kwenye kila mstari.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Fundi. Mbona unaosha kidhibiti changu?"

"Ilikuwa na damu. Nimeshindwa kuitazama ilivyo." Akafuta macho kwa mkono wa shati, na machozi yalikuwa ya kweli. "Ramani alikuwa ndugu yangu. Miaka sita tumekula sahani moja. Yule mzee Mungu atamlipa."

Hapo ndipo Koplo alipoingia na kuibwaga baiskeli chini, kwaaa.

"We! We Koplo!" Fundi alikwisharuka. Alikuwa ameinama, ameigeuza, ameilaza upya kwa mikono yote miwili kabla hata sauti haijaisha chumbani. "Hailazwi hivyo! Utaua gia!"

"Samahani," alisema Koplo. "Kwani ina upande?"

"Ina upande! Mnyororo unakaa juu, siku zote. Hiki kidude kinachoning'inia hapa nyuma ndicho kinachohamisha gia. Ukiilaza juu yake kinapinda, kikipinda mnyororo unaruka, ukiruka mtu yuko kwenye mteremko, amekwisha."

"Loo," alisema Shangazi. "Sikujua. Kwa hiyo hata ukiwa na haraka?"

"Hata nyumba ikiungua. Mkono wenyewe unakataa."

"Na hawa wateja wenu wanafanya hivyo?"

Fundi akacheka kwa dharau. "Hawa? Thubutu! Wananunua baiskeli ya bei ya gari, wanaitupa kama gunia. Nimepiga kelele miaka sita."

"Lakini Ramani alikuwa anajua."

"Ramani ndiye alikuwa mbaya wao. Alikuwa mtu wa jembe yule. Akishuka anaiachia, inaanguka inavyotaka. Nimembadilishia hiki kidude mara nne mwaka huu."

"Na Mzee Seng'enge?"

"Atajulia wapi?"

Shangazi akatoa simu ya mwalimu mfukoni, akaiweka juu ya meza, kati ya bisibisi mbili.

"Basi nisaidie, wewe ndiye mwenye kujua. Huyu ni Ramani, amekufa. Hii ni baiskeli yake. Nani aliilaza?"

Fundi alitazama. Alitazama muda mrefu kuliko picha ilivyohitaji, na kitambaa kilikoma kusugua.

"Bahati tu," alisema hatimaye. "Kuanguka kuna pande mbili."

"Kweli kabisa. Mahakamani wakili wako atasema hivyo hivyo, na hakimu atamsikiliza. Ndiyo maana sikuja na picha peke yake." Akanyoosha kidole ukutani. "Kile kivuli pale, cha tatu kutoka kushoto, ni cha chombo gani?"

Msumari ulikuwa mtupu. Kivuli cheupe kilikuwa cha kitu kama mkasi, mdomo mfupi, mikono mirefu.

"Mkasi wa kukatia nyaya."

"Uko wapi?"

"Sijui. Watu wanaazima."

"Humu? Wakuazime wewe?" Shangazi akacheka kweli, kidogo. "Ni chombo cha nyaya laini za breki, sivyo? Ukikatia seng'enge, mdomo unameguka. Nina ncha za seng'enge kwenye bahasha. Nikipata huo mkasi, nikiupeleka maabara, kila pengo la mdomo litakaa mahali pake. Mfuko wa aproni yako, Fundi. Umeinamia upande mmoja tangu nilipoingia."

Mkono wa Fundi ulishuka mfukoni. Shangazi alikuwa ameshalitarajia hilo. Hakutarajia kwamba wa kwanza kupigwa angekuwa Koplo.

Mkasi ulimpata Koplo mdomoni, jino likaruka, akaenda kinyumenyume na kuporomosha tairi zote zilizotundikwa. Bastola ya Shangazi ilitoka nusu tu. Fundi alimgonga mkono kwa spana ya pedali, bastola ikateleza chini ya kabati, na Shangazi alipojaribu kugeuka alihisi kitu chembamba, baridi, kinapita mbele ya macho yake na kushuka.

Mkono wa kushoto ulipanda wenyewe. Vidole vinne vilikaa kati ya waya na koo, na hivyo ndivyo vilivyomwokoa. Waya wa breki ulizama kwenye vidole mpaka mfupa, akausikia mfupa wenyewe ukikwaruzwa. Fundi alikuwa anavuta kutoka nyuma, goti limekita mgongoni, anahema sikioni mwake bila kusema neno. Chumba kikaanza kuwa cheusi pembezoni. Shangazi hakupiga kelele, hakuwa na pumzi ya kelele. Aliinua miguu yote miwili, akaikita kwenye meza, akasukuma kwa kila alichokuwa nacho.

Walianguka pamoja juu ya zile baiskeli sita. Pedali moja ilimwingia Fundi ubavuni, akaguta, waya ukalegea. Hapo hapo Koplo, kidevu chote damu, akainua gurudumu zima akamshusha nalo usoni. Mara moja. Mara ya pili. Alipoinua ya tatu, Shangazi aliukamata mguu wa suruali yake.

"Inatosha," alikoroma. "Namtaka akiongea."

Pingu zikafunga.

Aliongea. Walimkalisha sakafuni, mgongo kwenye kabati, pua imevunjika, na Shangazi alisimama mbele yake na mkono umefungwa kwa kitambaa cha karakana kilichokuwa kinalowa polepole.

"Ule waya wa breki za mkutubi ulikuwa umeshakatika mara moja," alisema Fundi. "Nikauunga. Mpya zilikuwa zimekwisha, nikasema nitabadilisha Jumatatu. Jumamosi akapewa baiskeli ile. Ramani aliuokota korongoni, akauficha. Leo alfajiri alinipigia simu akasema njoo tufagie wote, nina neno. Tulipotoka msituni akautoa mfukoni, akanipa niutazame kiungo. Akasema, 'Naupeleka polisi. Yule dada hatatembea tena, Fundi. Na mimi siwezi kusema tena kwamba ni kosa lake.' Nikamwambia watanifunga. Akasema, 'Najua.' Akanipa mgongo."

"Na waya?"

"Ulikuwa mkononi mwangu."

Koplo alitema damu kwenye ndoo.

"Kwa nini mzee?"

"Kila mtu alikuwa anajua aliapa. Na ua wake, ukikata moja kwa moja, hauko mbali."

"Walipokuwa wanampiga ulikuwa wapi?"

Fundi aligeuza uso kuelekea mlangoni. Kutoka pale alipokuwa anafanyia kazi, bomba la kuoshea matope lilionekana lote.

"Ungesema neno moja tu," Shangazi alimwambia, na sauti yake, iliyokwisha kukwaruzwa na waya, ilipanda. "Si lazima uungame. Ungesema 'basi jamani, mwachieni polisi.' Neno moja! Mtu mzima anavunjwavunjwa mbele yako kwa kosa lako, na wewe unafuta baiskeli!"

Wakamtoa nje akiyumba.

Wale kumi na mmoja walikuwa wamekusanyika uwanjani, habari imeshawafikia kwa kupitia dirishani. Fundi alipoingizwa kwenye gari la pili lililotoka kituoni, mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mwalimu wa hesabu alikuwa analia. Mwanamke aliyefoka asubuhi akamletea Shangazi chupa ya maji na kisanduku cha huduma ya kwanza.

Simu ikalia. Alikuwa dereva, yuko hospitali. Aliongea kwa ufupi, naye Shangazi alisikiliza kwa ufupi. Akauliza saa ngapi. Akauliza kama mama ameshaambiwa. Mama alikuwa ameshafika hospitali, ameketi pale mlangoni, dereva alisema, na hataki kuondoka.

Akaikata simu. Makofi yalikuwa bado hayajaisha vizuri.

Mdogo wake Ramani alikuja mbele ya wote, macho mekundu, akanyoosha mkono wake ule uliofungwa kitambaa.

"Shangazi, asante. Umemtendea haki kaka yangu. Sijui nikulipe nini."

Shangazi aliupokea ule mkono. Aliushika kwa upole, akakigusa kile kitambaa, na kwa mkono wake wenye jeraha akatoa pingu jozi ya pili na kuufunga.

"Mzee amefariki saa tisa na robo," alisema. "Vitambulisho vyenu ninavyo. Magari mengine yanakuja."

Watu waliacha kupiga makofi mmoja mmoja. Mtu akasema "Hapana," mwingine akaketi chini nyasini. Kijana alitazama mkono wake, akatazama karakana, akatazama tena mkono.

"Lakini yule mzee hakufanya kitu," alisema.

"Hakufanya," alisema Shangazi. "Nipe na wa kushoto."